Mtunzi Hajulikani

Papa, baba yangu, hakunifundisha gitaa. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila anayekuja kuniuliza habari zangu ameshaandika jibu hilo kwenye daftari lake kabla hajakaa, na nikilikataa ananitazama kama mtoto asiye na shukrani. Aliyefundishwa ni kaka yangu.

Papa alikuwa mlinzi wa ghala la pamba huko kwenye uwanda wa Ruzizi. Gitaa lake lilikuwa na nyuzi tatu za dukani, na tatu alizozichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Kila Jumapili baada ya misa alimketisha kaka uani, akamshikisha gitaa, akamwonyesha pa kuweka vidole. Kaka alikuwa na vidole virefu vizuri, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mpira. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, namenya mihogo, na kila alichoambiwa yeye kiliingia kwangu. Alipotoroka kwenda uwanjani, nilinawa mikono, nikaingia chumbani, nikalichukua gitaa.

Papa alijua. Alikuja kukaa nje, upande wa pili wa ukuta wa matofali mabichi, na kila nilipokosea alikohoa. Kikohozi kimoja, kidole kimekosea. Viwili, uzi umelegea. Kwa miaka miwili nilijifunza kwa vikohozi. Hakuingia hata siku moja, na mimi sikuona hata mara moja mkono wake ukifanya nilichokuwa nakisikia. Ndiyo maana dole gumba langu huchelewa kidogo nyuma ya kidole cha shahada. Wengine husema ni ufundi. Ni ukuta tu.

Nilimuuliza mama kwa nini papa haingii anionyeshe.

“Akiingia,” mama alisema, “itabidi akukataze.”

Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka arobaini, na bado sijui nimshukuru papa au nimkasirikie. Siku nyingi namkasirikia.

Niliolewa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, na fundi seremala, mtu mpole asiyependa kusemwa. Nilikwenda kwake na gitaa la papa, kwa kuwa kaka hakulitaka. Mume wangu alilitazama, akanitazama, akasema, “Ndani ya nyumba, piga unavyotaka. Inje hapana. Watu watasema nimeoa bar.”

Kwa hiyo nilipiga ndani, mlango umefungwa, watoto wakicheza miguuni pangu. Mchana nilifanya biashara. Nilinunua nyanya kwa wakulima wa uwandani, nikazipanga kwenye beseni, nikavuka nazo mpakani Kavimvira kwenda kuuza upande wa Burundi. Tulikuwa wanawake wengi njiani, na tulijuana kwa rangi za beseni kuliko kwa sura.

Siku moja tulikuta bariyeri, kizuizi cha mpakani, imefungwa. Hakuna aliyetuambia sababu. Askari alisema tu, “Murudi kesho.” Kesho yake akasema vilevile. Siku ya tatu jua lilikuwa kali mno, na nyanya zikaanza kupasuka zenyewe, maji yakachuruzika hadi kwenye vitenge vyetu. Ng'ambo ya Burundi tunaiona kwa macho, unaweza kuhesabu mabati ya nyumba za watu, na huwezi kufika. Nilikaa juu ya jiwe nikageuza beseni tupu la jirani, nikaanza kulipiga kwa vidole. Nikaimba yaliyokuja: “Ee nyanya, ngoja kidogo, mwenye ufunguo analala. Ee nyanya, usilie bado, bariyeri haina masikio.” Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akaitikia. Mwingine akaitikia. Hata askari mmoja aligeuza uso ili tusione kwamba anacheka. Jioni tuliporudi Mulongwe na beseni zinazonuka, nusu ya barabara ilikuwa inauimba.

Huo ndio wimbo wenyewe. Nimeueleza kwa urefu kwa sababu nitaulilia hadi mwisho wa kurasa hizi.

Mwaka huohuo mwenzangu mmoja wa nyanya aliozesha binti yake. Mpiga gitaa waliyemwita alikuwa ng'ambo, na bariyeri ilikuwa imefungwa tena. Watu wamekaa, wanakula bugali na mukeke, samaki wa ziwani, na hakuna muziki. Mama wa bibi harusi alikuja kuniinamia sikioni.

“Dada, gitaa yako iko wapi?”

“Iko nyumbani. Lakini unajua bwana yangu.”

“Bwana yako iko pale anakula mukeke yangu. Kalete gitaa.”

Nilikwenda nikalileta. Nilipokaa kwenye kiti na kuliweka pajani, kelele zote zilikatika. Sikuwahi kuona mwanamke akipiga gitaa mbele za watu katika mji wetu, na ni wazi kwamba wao pia hawakuwahi. Mzee mmoja aliinuka, akakigeuza kiti chake, akakaa akinipa mgongo. Hakuondoka, alitaka nione kwamba amenipa mgongo makusudi. Nilianza nyanya, kwa kuwa ndio wimbo niliokuwa na hakika kwamba hata nikikosea nitapata wa kunibeba. Walinibeba. Wanawake wa beseni waliitikia toka mstari wa kwanza, wakainuka na kucheza, vumbi likapanda hadi kwenye maturubai.

Nilipoinua macho, kiti cha mume wangu kilikuwa kitupu.

Alinuna majuma mawili. Alikula, alilala, alikwenda kazini, neno hakuna. Kisha akaja na sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, refu, lenye bawaba na kufuli, kipimo cha gitaa langu sawasawa. Akaliweka mezani na kutoka nje. Nililizunguka sanduku lile asubuhi nzima nikijiuliza kama ni ruhusa au ni jeneza. Sikumuuliza. Kesho yake nililitia gitaa ndani, nikalibeba kichwani kwenda kupiga kwenye matanga ya jirani, naye hakusema kitu. Alikufa miaka mingi baadaye bila kusema kitu.

Baada ya hapo niliitwa kila mahali. Harusi, matanga, watoto wanaobatizwa, wanawake wanaomaliza kununua kiwanja. Niliitwa pia jike-dume. Wanaume wengine walikataza wake zao kukaa karibu nami, kana kwamba gitaa ni upele. Wanamuziki wenzangu walikuwa wabaya zaidi. Walinisalimia vizuri, wakanisifu, kisha wakaniuliza wimbo fulani alinitungia nani. Hawakusema “alikutungia nani” kwa matusi. Waliuliza kama mtu anayeuliza umenunua wapi kitenge.

Ndipo mtu wa redio akaja. Alikuja na mashine yake ya kurekodi, akakaa uani kwangu kuanzia asubuhi, nikampigia nyimbo sita. Zote zangu. Aliniuliza nilizaliwa wapi, nina watoto wangapi, dini gani.

“Na gitaa ulifundishwa na papa yako?”

“Hapana.”

“Lakini papa yako alikuwa anapiga?”

“Alikuwa anapiga.”

Akaandika. Sikuona alichoandika. Nilikuwa na furaha, nilimpikia sombe, majani ya muhogo, nikamsindikiza hadi barabarani.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa natwanga sombe, jirani akaja mbio na redio yake ndogo ameishika juu kama taa. “Ni weye! Ni weye!” Nilijisikia mwenyewe nikiimba wimbo wa nyanya. Sauti yangu, dole gumba langu linalochelewa, hata jogoo wa uani kwangu aliwika katikati ya ubeti wa pili. Nililia, nasema kweli. Mtangazaji akasubiri uishe, akasema kwa sauti nzuri, “Huo ulikuwa wimbo wa asili wa uwanda wa Ruzizi, umeimbwa na mama mmoja wa Mulongwe. Mtunzi hajulikani.”

Jirani alikuwa bado anaruka. Nilisimama na mchi mkononi.

Kesho yake nilivaa vizuri nikaenda kule redioni. Aliyenirekodi alikuwa amehamishiwa mji mwingine. Walinikalisha kwenye biro, ofisi ya mkubwa wao, mtu mwenye adabu, akanipa kiti na kunisikiliza mpaka mwisho.

“Mama, sikiliza,” akasema. “Hii wimbo iko ya folklore, ya asili. Ya folklore haina mwenyewe.”

“Iko na mwenyewe. Minye njo niliitunga. Pale Kavimvira, juu ya jiwe.”

“Uko na karatasi?”

“Karatasi ya nini? Nilikuwa na nyanya.”

Akatabasamu. “Mama, ungekuwa umesoma muziki, ningesema sawa. Lakini ulifundishwa na papa yako, tumeandika hapa. Papa yako alifundishwa na babu. Unaona? Iko ya watu bote.”

“Papa yangu hakubeba nyanya hata siku moja!”

“Usikasirike, mama. Tunakuheshimu sana. Tunaipiga kila juma.”

Na ni kweli waliupiga kila juma. Kila juma nilisikia kwamba sijulikani. Nilirudi pale mara tatu. Mara ya tatu mlinzi wa mlangoni aliniambia mkubwa hayupo, na mimi namwona dirishani.

Wanaume wanne niliowajua walitunga nyimbo miaka ileile, katika mji uleule. Mmoja wao aliiba mwanzo wa wimbo wangu wa mvua bila hata kunawa mikono. Wao hawakuwahi kuitwa asili. Waliitwa wanamuziki.

Vita vilikuja vikaondoka vikarudi. Tulivuka tukakimbilia ng'ambo, mume wangu amebeba godoro, mimi sanduku la gitaa, watoto wamebeba masufuria. Tukarudi. Miaka ya karibuni, nikiwa mjane tayari, mto Mulongwe ulifura ukabeba nyumba yetu na nyumba za jirani. Gitaa lilipona kwa kuwa nilikuwa nalo kwenye matanga mtaa mwingine. Sanduku, nililoliacha nyumbani siku hiyo, halikupona. Nilihamia Songo kwa binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyenisukuma niandike haya.

Mwaka jana kamati moja ya utamaduni ikampa binti yangu barua iliyoandikwa kwangu. Walitaka kuniheshimu mbele ya watu kama mwanamke wa kwanza kupiga gitaa Uvira. Binti yangu alisoma barua mara mbili kwa sauti ya mwalimu, nami nikajifanya sijali. Kwa majuma matatu nilifanya mazoezi kila asubuhi. Vidole vyangu vimevimba viungo, lakini vilikubali.

Siku ilipofika, ukumbini walinikaribisha kwa heshima, wakanipa kiti cha mbele chenye kitambaa. Msimamizi wa sherehe, kijana wa suti, alilipokea gitaa langu akalisimamisha nyuma ya mlango.

“Nitapiga saa ngapi?” nikamuuliza.

“Hapana, bibi, usichoke. Vijana watakupigia. Weye utapokea kitenge na cheti.”

“Mumeniita mwanamke wa gitaa, na sitapiga gitaa?”

“Programu iko imejaa, bibi.”

Binti yangu alinishika mkono. Nikakaa. Hotuba zikaja, ndefu. Niliitwa mama wa muziki, maktaba hai, mti wenye mizizi. Kisha bendi ya vijana watano ikapanda, na kiongozi wao akatangaza kwamba watapiga wimbo wa mababu. Wakapiga nyanya. Gitaa lilikuwa safi, sikatai. Lakini maneno! Hakukuwa na bariyeri, hakukuwa na askari, hakukuwa na beseni. Kijana aliimba kuhusu mashavu ya msichana. Mashavu mekundu, ngoja kidogo, usilie bado. Watu wakapiga makofi.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka niko mbele na kipaza sauti kiko mkononi mwangu, na msimamizi ananitabasamia akidhani nimekuja kushukuru.

“Wimbo huu si wa mababu,” nikasema. “Ni wangu. Na hayakuwa mashavu. Zilikuwa nyanya.”

Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani bibi anafanya mzaha. Nikaanza kuimba maneno yenyewe, bila gitaa. Ubeti wa kwanza walikuwa bado wanacheka. Wa pili wakanyamaza. Kwenye mstari wa mbele mama mmoja wa umri wangu akaanza kuitikia, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Katikati ya ubeti wa tatu kipaza sauti kikazimwa. Msimamizi alikuwa ananionyesha saa yake. Niliumaliza hivyohivyo, kwa sauti yangu kavu. Sidhani kama waliokaa nyuma walisikia zaidi ya midomo ikifunguka.

Baadaye yule kiongozi wa bendi alinikuta nje, nalitafuta gitaa langu, lisilokuwapo tena nyuma ya mlango, chini ya maboksi ya soda. Alikuwa amefadhaika kweli.

“Bibi, minye sikujua. Nilijua iko wimbo ya zamani.”

“Ya zamani ni mimi. Kwa nini mulitoa nyanya?”

Akajikuna shingo. “Nyanya iko ya sokoni, bibi. Vijana hawawezi kucheza nyanya.”

“Mama zenu walicheza.”

Nilipolipata gitaa, akaniomba nimwonyeshe dole gumba linavyochelewa. Nilitaka kukataa, na nikamwonyesha. Alijaribu mara tano, kila mara dole gumba linafika kwa wakati, sahihi kabisa, na wimbo unakufa. Alirekodi kwa simu yake, akaapa ataandika jina langu. Baada ya siku chache binti yangu alinionyesha kwenye simu. Jina la bendi liko juu kwa herufi kubwa. Chini yake wameandika wameshirikiana na “bibi wa folklore”. Nilimwambia binti yangu aizime simu hiyo kabla sijaitupa ziwani.

Yeye ndiye aliyesema tufanye mambo kwa karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo wanayoiogopa. Aliulizia, akaambiwa kwamba wimbo unaweza kuandikishwa kwa jina la mtunzi, mradi uandikwe kwa noti za muziki. Tukamwendea mwalimu wa korali ya kanisa, mzee mwenzangu, mtu mwenye subira na kinanda cha umeme chenye vifungo viwili vilivyong'oka. Nikaimba. Akaandika, akafuta, akaandika.

“Hapa,” akasema, “kwenye ‘usilie’. Unaimba noti gani?”

Nikaimba tena. Akabonyeza kinanda. “Hii?”

“Iko juu ya hiyo.”

Akabonyeza inayofuata. “Hii?”

“Iko chini ya hiyo.”

“Mama, katikati ya hizi mbili hakuna noti.”

“Iko. Nimekuimbia.”

“Minye naisikia,” akasema kwa upole. “Lakini sina mahali pa kuiandika. Chagua moja.”

Tulibishana asubuhi nzima. Binti yangu alikaa pembeni anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake na hakuingilia. Nilimwimbia mwalimu yule mara ishirini, mpaka koo likauma. Nilimweleza kwamba pale ndipo sauti inapopasuka, kama nyanya inavyopasuka, haipandi na haishuki, na ukiinyoosha inakuwa wimbo wa mtu ambaye hajawahi kungoja kitu. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na kalamu yake haikusogea.

Mwishowe nilichagua ya chini. Akaiandika kwa wino, nadhifu, duara dogo jeusi lenye mkia. Akageuza karatasi, akanionyesha juu kabisa mahali penye nukta nukta, palipoandikwa Mtunzi. Binti yangu akanipa kalamu yake ya bic. Niliandika jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, polepole, nikakandamiza hadi jina likaacha alama mezani chini ya karatasi.

Wimbo ulioandikwa pale si wangu sawasawa. Niliiacha karatasi kwa binti yangu aipeleke kuandikishwa, nikarudi Songo peke yangu.